Mambo ya kuweka sawa kabla ya kupasuliwa saratani ya mdomo

Saratani ya mdomo ikiondolewa huacha pengo: shavu, sehemu ya ulimi, pengine na taya. Njia mojawapo ya kuliziba, inayotumika tangu 1979, ni msuli wa kifuani. Daktari anaunyanyua pamoja na ngozi yake, anauacha ukiwa umeshikamana na mshipa wake wa damu, kisha anaupitisha chini ya ngozi ya shingo hadi mdomoni. Mgonjwa ajue mapema kwamba shingo itatuna upande mmoja na kifua kitakuwa na kovu. Mwanamke titi linaweza kuvutwa likahama. Mwanamume anaweza kuota nywele ndani ya mdomo. Ulizeni hayo bila haya.

Sigara na ugoro viachwe siku ileile rufaa inapoandikwa, iwe hospitali ya Ligula, Mtwara, au Sokoine, Lindi, msingoje tarehe ya upasuaji. Nikotini hubana mishipa, na msuli uliohamishwa unategemea mshipa ule tu. Msuli ukikosa damu hufa, na mgonjwa anarudi chumba cha upasuaji. Mzee akilalamika kuwa amevuta miaka yote, mwacheni alalamike, ila ugoro asipewe. Aspirini na dawa za miti shamba zitajwe zote kwa daktari.

Meno mabovu yaangaliwe kabla, kwa sababu taya likishapigwa mionzi jino liking'olewa kidonda hupona kwa shida. Mionzi yenyewe, ikihitajika, huchukua wiki kadhaa. Kama ni hospitali ya saratani ya Ocean Road, tafuteni mapema pa kufikia Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, si safari ya kwenda na kurudi.

Linalosahaulika zaidi ni kuongea. Mgonjwa akizinduka anaweza kukuta ametobolewa kooni ili apumue, na sauti haitoki. Anayejua kusoma apewe daftari. Wazee wetu wengi hawaandiki, basi kubalianeni ishara mkiwa bado nyumbani: kidole kimoja ni maumivu, viwili makohozi yamejaa, kiganja kifuani ni pumzi inabana. Mfanye mazoezi, na atakayelala naye wodini awepo. Nimeona mama akilia kwa hasira kwa sababu mwanawe alimfunika shuka kila alipoomba akohozeshwe.

Chakula kitapita kwenye mpira wa puani: uji uliochujwa, maziwa, supu. Muuguzi awafundishe kumlisha mgonjwa akiwa ameketi. Fungasheni mashati ya vifungo vya mbele. Shingoni pasifungwe kitu, si kanga, si hirizi, si cheni, kwa kuwa mshipa unaolisha msuli unapita hapohapo na ukibanwa damu haipiti.

Bega la upande ulikotolewa msuli litadhoofika, litahitaji mazoezi. Magunia ya korosho asiyabebe hadi daktari aruhusu, kwa hiyo atakayeokota na kupeleka ghalani achaguliwe sasa, na mwenye shamba aseme kwa mdomo wake mwenyewe hela ishikwe na nani.