Ukifika kanisa la Waepiskopali ughaibuni, mtafute mwalimu wa kwaya

Alhamisi jioni, saa moja na nusu, nilikabidhiwa karatasi ya muziki katika chumba cha chini cha kanisa moja huko Ujerumani. Nimeimba besi tangu kidato cha pili, na kwaya yetu nyumbani ilikuwa haiogopi wimbo. Nikaitazama ile karatasi: mistari mitano, noti zimepanda na kushuka, maneno ya Kilatini. Nikatafuta herufi za solfa, d, r, m, f, chini ya mistari. Hamna. Mwalimu wa kwaya akapiga sauti ya kuanzia, wenzangu wakaingia, mimi nikabaki nimefumba mdomo.

Leo ni mwaka wa sita niko kwenye kwaya hiyohiyo. Kazi nimebadilisha mara mbili, nyumba mara tatu. Watu waliobaki nami ni wale wa Alhamisi. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyelelewa Kianglikana, au Kilutheri, au kokote kule, na sasa uko ughaibuni, na Jumapili unakaa benchi la nyuma kisha unatoka kabla ya kahawa. Ukijua nani anafanya kazi gani katika makanisa haya, utajua pia umwendee nani na shida gani.

Tuanze na makanisa yenyewe. Wamarekani walioishi Ulaya karne ya 19 walianzisha makanisa yao ya Kiepiskopali, jina wanaloitwa Waanglikana wa Marekani, na bado yapo: Paris, Roma, Florence, Geneva. Leo yapo pia Munich, Frankfurt, Wiesbaden, na Waterloo kule Ubelgiji. Yana askofu mmoja, na kanisa kuu lao ni lile la Paris, Avenue George V, lililofunguliwa mwaka 1886. Kandokando yao kuna makanisa ya Waingereza yaliyo chini ya Dayosisi ya Ulaya ya Kanisa la Uingereza. Roma na Geneva kila moja ina kanisa la Wamarekani na la Waingereza, na kule Roma yote mawili yalichorwa na msanifu mmoja, George Edmund Street. Wote ni Waanglikana. Ukiwa umebatizwa, meza ya Bwana ni yako kote kuwili, na kipaimara ulichopewa na askofu wako wa Dodoma au Mombasa hakirudiwi. Chagua palipo karibu na treni.

Usitishwe na neno "la Wamarekani". Siku hizi benchi moja utakuta Mnigeria, Mfilipino, Mjerumani aliyeoa Mkenya, na mwanafunzi kutoka Kigali. Kule Roma, chini ya kanisa la Mtakatifu Paulo, Via Nazionale, kuna kituo cha kuhudumia wakimbizi kinachoitwa kwa jina la Joel Nafuma, Mganda, msanii, aliyekuwa mkimbizi mwenyewe. Jina la jirani yetu limeandikwa kwenye mlango wa kanisa la Wamarekani katikati ya Roma. Ukipita huko, ingia usalimie.

Sasa wahudumu. Sisi wenyewe hatuna neno moja: aliyekulia Zanzibar au Masasi, kwenye urithi wa UMCA, ile misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, husema padri, aliyekulia Dodoma au Morogoro husema mchungaji au kasisi. Huku kiongozi wa parokia ni kasisi, na jambo la kwanza litakalokushtua ni kwamba watu wazima na watoto humwita kwa jina lake la kwanza, kavukavu. Hakuna dharau ndani yake. Kama ulimi wako unakataa, mwite padri au mchungaji, atafurahi. Wa kwangu alizoea hata kuitikia "Mchungaji" kwa lafudhi yake. Na kasisi anaweza kuwa mwanamke. Waepiskopali walikubali rasmi kuwapa wanawake ukasisi mwaka 1976. Kama dayosisi yako haijafanya hivyo, huenda ibada ya kwanza ukakaa umejikaza. Kaa. Sikiliza mahubiri kwanza.

Tofauti kubwa zaidi ni jinsi kasisi anavyopatikana. Nyumbani askofu huandika barua, mchungaji anapakia vyombo kwenye fuso, Jumapili ijayo yuko mtaa mwingine. Huku waumini huchagua halmashauri ya parokia kwenye mkutano wa mwaka, na halmashauri hiyo pamoja na wazee wa kanisa wawili ndiyo inayomtafuta kasisi, kumhoji na kumwita, askofu akiridhia. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka, na katikati huja makasisi wa muda, wengi wao wastaafu. Ukifika wakati huo utadhani kanisa limekufa, kumbe linasubiri. Na wewe una sauti: aliyetimiza miaka 16, aliyeandikishwa kwenye kitabu cha parokia na kushiriki Ekaristi angalau mara tatu ndani ya mwaka, anahesabiwa mshirika kamili. Kwa hiyo ukienda likizo nyumbani rudi na barua ya utambulisho ya parokia yako, pamoja na cheti cha ubatizo na cha kipaimara. Kuviomba kwa simu ukiwa huku ni kumsumbua katibu wa parokia asiye na mashine ya kunakili.

Shemasi naye usimpite. Nyumbani ushemasi ni ngazi ya kupandia ukasisi. Kwa Waepiskopali wapo mashemasi wa maisha, wengi hawalipwi, wana kazi zao za wiki: muuguzi, mwalimu, mhasibu. Wajibu wao ni kuunganisha kanisa na wenye shida nje ya kanisa, kwa hiyo shemasi ndiye mara nyingi anayemjua mwanasheria wa wahamiaji na ofisi ipi ufungue mlango wake. Kasisi hawezi kukupatia kibali cha kuishi. Asiyekwambia hivyo waziwazi anakupotezea siku. Anachoweza ni mawili. Kwanza, ukiungama kwake, siri hiyo haitoki kwa sababu yoyote ile, na kitabu chao cha sala cha mwaka 1979 kimelisema hilo bila mlango wa kutokea. Pili, ana mfuko wa sadaka za wahitaji: kwa kanuni ya kanisa lao, sadaka ya Jumapili moja kila mwezi, isiyopangiwa matumizi mengine, huwekwa mikononi mwa kasisi kwa ajili ya hisani. Ukikwama na kodi ya nyumba au nauli, mwombe faragha. Watu wetu wengi huona haya mpaka wanatolewa vyombo nje. Fedha hizo zimewekwa kwa ajili ya siku hiyo.

Kuhusu kutoa. Makanisa haya hayategemei kodi ya serikali. Mshahara wa kasisi, nyumba yake na pensheni yake hutoka kwenye ahadi za waumini, zinazoandikwa kila mwaka, kwa kawaida msimu wa majani kupukutika. Andika kiasi unachokiweza, hata kama ni kidogo, kwa sababu mhazini anapanga mwaka kwa kutumia karatasi hizo. Na ukiwa Ujerumani shika hili: siku unapojiandikisha makazi utaulizwa dini yako. Ukijibu kwamba wewe ni "evangelisch", utakatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato kulingana na jimbo, na fedha hiyo inakwenda kwa Waprotestanti wa Kijerumani. Ndugu zetu wengi hujaza hivyo kwa nia njema, kisha wanashangaa karatasi ya mshahara. Muulize katibu wa parokia kabla hujajaza.

Liko jambo ambalo hutalikwepa. Mwaka 2015 Kanisa la Episkopali liliruhusu ndoa za watu wa jinsia moja, na makanisa yetu ya Afrika Mashariki yamelipinga waziwazi. Utakutana nalo kwenye mahubiri, au kwa jirani wa benchi. Ukiwa na swali mwendee kasisi umuulize uso kwa uso. Mimi nilifanya hivyo, tulizungumza saa nzima, hatukukubaliana kila kitu, na Jumapili nilipokea Ekaristi mkononi mwake.

Turudi kwa mwalimu wa kwaya, maana huyu ndiye niliyetaka kumfikia. Kwenye makanisa ya wageni makasisi huja na kuondoka. Mpiga kinanda mara nyingi hukaa. Vita vilipofika Paris mwaka 1940 na dekani, yaani kasisi mkuu, wa kanisa kuu la Wamarekani akaondoka, aliyebaki akiendesha sala alikuwa mpiga kinanda, Lawrence Whipp, mpaka naye Wajerumani walipomtia kizuizini. Mara nyingi mtu huyo mmoja anapiga kinanda cha mabomba na kufundisha kwaya, na ni mtaalamu anayelipwa. Katika kwaya yake wanaweza kuwepo waimbaji wachache wanaolipwa pia, mmoja kwa kila sauti, wa kuwashikilia wengine. Ukisikia hivyo usikasirike ukadhani wanauza sifa za Mungu. Kaa karibu na huyo wa sauti yako, sikio lako limfuate.

Ukimwendea, sema sauti unayoimba na kwamba umezoea solfa. Usisubiri agundue. Kisha jifunze mbinu hii niliyofundishwa usiku ule wa kwanza, kwa penseli, kwenye pembe ya karatasi. Mwanzo wa mstari kuna alama za shapu (♯) au flati (♭). Kama ni shapu, ile ya mwisho upande wa kulia ni ti. Panda hatua moja, hapo ndipo ilipo do. Kama ni flati, ya mwisho ni fa; hesabu kushuka, fa, mi, re, do. Kama hakuna alama yoyote, do ni C. Ukishaipata do, andika d yako ndogo pale, na karatasi ile ya kigeni inageuka kuwa ile uliyoijua tangu shule. Wiki tatu niliandika solfa chini ya kila noti ya besi. Ya nne niliandika pale tu palipo na mruko. Wenzangu waliosoma muziki toka utotoni walikuwa wanahesabu vidole wimbo ukibadilisha ufunguo katikati, na mimi mtu wa solfa nilikuwa nimeshahamisha do yangu.

Zaburi ndizo zitakazokutoa jasho. Huziimba kwa mtindo wa Kianglikana ambapo maneno mengi hukimbia juu ya noti moja, kisha silabi chache za mwisho ndizo zinazotembea. Hakuna mapigo ya kuhesabu. Unasema maneno kama unavyozungumza, wote kwa pumzi moja. Usiimbe kwa nguvu. Sikiliza wanapovuta hewa. Njoo na penseli, maana kila pumzi huandikwa. Na kama kwaya ina watoto, utaombwa hati ya polisi ya mwenendo mwema na mafunzo ya ulinzi wa watoto. Kila mtu huombwa, hata mke wa kasisi.

Parokia nyingi ndogo hazina jengo lake. Sisi tunatumia kanisa la Walutheri baada ya ibada yao ya asubuhi, na kinanda ni chao, saa ni zao. Hivyo ngoma na kayamba huwezi kuingia navyo tu ukaanza. Nyimbo zenyewe hupangwa na kasisi na mpiga kinanda wiki nyingi kabla, kwa kufuata masomo ya mzunguko wa miaka mitatu, na katika Kwaresima hakuna aleluya hata uombe kwa magoti. Ukitaka wimbo wa Kiswahili kwenye ubatizo wa mwanao, peleka ombi wiki sita mapema. Kwa arusi na maziko, mpiga kinanda ana malipo yake nje ya sadaka; uliza kiasi siku ya kwanza. Na ukiwa Ufaransa, arusi ya kanisani haina nguvu kisheria: mnafunga kwanza kwenye ofisi ya meya, na kasisi atadai cheti hicho kabla hajawabariki.

Msiba ukitokea na mwili ukisafirishwa nyumbani, mwombe kasisi ibada ya kumbukumbu, hilo hawakatai. Michango ya kusafirisha, msiipitishe kwenye akaunti ya kanisa kabla mhazini hajakubali kwa maandishi. Mkusanye wenyewe, na kitabu kiwe wazi.

Wimbo wa Kiswahili unapokubaliwa, mpelekee mwalimu karatasi yenye noti, maneno, na sauti yako umejirekodi ukiyasoma polepole. Mkazie kwamba sisi tunatilia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Mwambie pia pale tulipozoea kubeba silabi mbili kwenye noti moja, maana haimo kwenye karatasi yoyote, imo vinywani mwetu. Kwaya yangu ilikwama kwenye neno "Mungu": walilisoma kwa silabi tatu, mu-nu-gu, kisha wakaliziba puani. Niliwasimamisha, nikawaambia waseme "ngu" peke yake, midomo imechongoka. Mpiga kinanda akaacha funguo, naye akasema pamoja nao. Mara ya tano walilipata, yule mama wa sauti ya pili aliyetoka Ohio akaandika kwa penseli juu ya noti, na karatasi hiyo bado anaitumia.