Namna ya Kuongoza Safari ya Klabu ya Baiskeli bila Kumwacha Mtu Njiani

Kiongozi wa klabu akiulizwa safari ya Jumapili ilikuwaje, mara nyingi hutaja kilomita na mwendo wa wastani, na pengine jina la aliyetangulia kufika kileleni. Mimi huuliza jambo jingine: aliyefika mwisho alifika na nani? Klabu ndogo hazipotezi watu kwa kukosa baiskeli za bei kubwa. Hupungua kimyakimya, kwa mgeni mmoja aliyeachwa mlimani, akageuza, akarudi kwao peke yake, na asionekane tena. Maelezo yanayofuata ni kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa msafara kwa mara ya kwanza, ambaye ananyonga baiskeli vizuri lakini hajawahi kubeba dhamana ya wenzake.

Kazi huanza kwenye tangazo, siku nne au tano kabla. Tangazo linalosema "mwendo wa kawaida, wote mnakaribishwa" halimwambii mtu chochote, kwa sababu mwendo wa kawaida kwa mmoja ni kilomita 18 kwa saa na kwa mwingine ni 28. Andika umbali, mwendo unaokusudiwa kwenye tambarare, idadi ya milima mikubwa na mahali ilipo, hali ya barabara, na saa mbili zilizo tofauti: ya kukutana na ya kuondoka. Mkikutana saa 12:00 asubuhi na kuondoka saa 12:20, zile dakika 20 zina kazi yake, kama nitakavyoeleza. Kisha tamka wazi kama safari ni ya kusubiriana au ni ya kila mtu kujitegemea. Aina zote mbili ni halali. Kosa ni kutangaza ya kwanza na kuendesha ya pili.

Saa ya kurudi nayo itajwe, na ihesabiwe kwa uaminifu. Kilomita 60 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni saa tatu za kunyonga, lakini hakuna msafara wa watu kumi unaomaliza kwa saa tatu. Pancha moja hula dakika 10 hadi 15, kila kituo cha kusubiriana hula dakika tano, na mapumziko ya maji hayawahi kuwa mafupi kama yalivyopangwa. Tangaza muda wa saa nne. Wengi hudanganywa na kile kipima mwendo cha kwenye usukani, ambacho mara nyingi husimamisha hesabu baiskeli inaposimama, hivyo jioni kinaonyesha wastani mzuri ambao mtu anayesubiriwa nyumbani hakuuona.

Njia ipitie wewe mwenyewe ndani ya juma hilo, ikiwezekana siku na saa ileile ya safari, kwa kuwa barabara tulivu ya alasiri huweza kuwa na malori asubuhi. Ukiweza kuchagua, uanze kwa kukabili upepo watu wakiwa na nguvu, ili warudi upepo ukiwasukuma mgongoni. Mimi hupenda njia yenye umbo la nambari nane, yenye makutano katikati karibu na mahali pa kuanzia, kwa sababu humpa aliyechoka nafasi ya kukatisha bila aibu na bila kuhitaji kusindikizwa kilomita 30. Njia ya duara moja kubwa huvutia kwenye ramani, lakini mtu akiishiwa nguvu upande wa pili wa duara, kila njia ya kurudi ni ndefu.

Sasa zile dakika 20. Kila baiskeli ikaguliwe kwa mpangilio ambao hata anayeanza huukumbuka: hewa, breki, mnyororo. Kiwango cha hewa kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na asiye na kipimo aliminye tairi kwa kidole gumba. Likibonyea kwa urahisi, pampu itolewe. Breki zikibanwa, wenzo usiguse usukani. Kisha bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma: ukihisi mgongano mdogo chini ya usukani, kuna kitu kilicholegea ambacho hakifai kushuka nacho mteremko. Inua gurudumu la mbele kidogo, ulipige ngumi kwa juu. Likicheza kwenye uma unaolishika, nati zake hazikukazwa. Nimewahi kumkuta mwenzetu mmoja, mzoefu wa miaka mingi, akiwa na gurudumu la mbele lililoshikwa na nati moja tu, baada ya kulitoa usiku uliotangulia ili baiskeli iingie kwenye gari. Alikuwa tayari amevaa kofia ngumu na kuanza kuwahimiza wengine waondoke.

Hakikisha pia kwamba kila mmoja ana tyubu ya ziada ya saizi ya tairi lake mwenyewe, maji, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani iliyoandikwa mahali panapoonekana bila kufungua simu. Maelezo ya mdomo yasizidi dakika tatu. Taja ishara za mkono, vituo vya kusubiriana, na majina ya watu wawili: kiongozi na mfunga msafara, yaani anayekaa nyuma kabisa. Watu wakizidi 12, wagawe katika makundi mawili yenye nafasi kubwa katikati, ili magari yapate kupita kundi moja kwa wakati.

Ishara za sauti ziwe chache na fupi: "shimo", "gari nyuma", "tunasimama". Kila anayesikia arudishe neno nyuma yake, maana upepo hulimeza kabla halijafika kwa mtu wa sita. Klabu za karne ya 19 huko Uingereza na Marekani zilikuwa na nahodha wa msafara na mpiga tarumbeta aliyetoa amri za kupanda, kushuka na kupunguza mwendo. Tunaweza kuwacheka, ila tarumbeta ile ilisikika hadi kwa mtu wa mwisho, jambo ambalo misafara mingi ya leo haijaliweza.

Kunyonga kwa kundi kuna faida moja kubwa na hatari moja kubwa, na zote mbili zinatoka mahali pamoja. Kwenye tambarare, mwendo ukishapanda, nguvu nyingi za mwendesha baiskeli hutumika kupasua hewa. Anayekaa karibu nyuma ya mwenzake huokoa takriban robo ya nguvu hizo, wakati mwingine theluthi. Ndiyo maana watu husogeleana, na ndiyo maana huanguka. Itazame ajali ya kawaida kwa karibu: gurudumu la mbele la anayefuata limepita kidogo ubavuni mwa gurudumu la nyuma la aliyetangulia, sentimita 10 tu. Aliyetangulia anakwepa jiwe, anasogea upande huo bila kuangalia, tairi linagusa tairi. Yule wa mbele anahisi mtikisiko na kuendelea. Wa nyuma, ambaye usukani wake umenyang'anywa ghafla, yuko chini kabla hajatamka neno, na anayemfuata yuko juu yake. Kwa hiyo sheria isiyo na mjadala ni kubaki nyuma ya gurudumu la mwenzako, kamwe si ubavuni mwake. Wageni waachie nafasi ya urefu wa baiskeli nzima mpaka wazoee. Faida ya upepo itapungua, lakini haitakwisha. Na macho yasitue kwenye tairi la mbele yako. Tazama juu ya bega la mwenzako, barabarani, ili uone kinachokuja kabla yeye hajakikwepa.

Zamu za mbele ziwe fupi, dakika mbili au tatu. Anayeshika zamu ana ugonjwa wa kuongeza mwendo papo hapo, kwa nia njema kabisa ya kuonyesha kwamba naye anajituma, na matokeo yake ni kwamba aliyemaliza zamu, ambaye sasa anateremka kwenda mkiani akiwa amechoka, hawezi kushika gurudumu la mwisho. Mwambie kila mtu aangalie kipima mwendo chake kabla ya kufika mbele na aidumishe namba ileile.

Wengi humweka mgeni nyuma kabisa, wakidhani wanamfanyia hisani. Ni kinyume chake. Msafara hujikunja na kujinyoosha kama kodiani: kwenye kona kiongozi hupunguza mwendo kidogo, wa tano hupunguza zaidi, wa kumi karibu asimame, halafu wakati kiongozi ameshatoka konani na kuchochea, wa kumi analazimika kukimbia kwa nguvu zote kuziba pengo. Baada ya kona 20, mtu wa mwisho amekimbia mashindano 20 ambayo wa mbele hawayajui. Anayejulikana kuwa dhaifu akae nafasi ya pili au ya tatu, ambako mwendo ni tulivu na kiongozi anamsikia akihema. Ukimsikia hawezi kujibu swali kwa sentensi nzima, punguza, na usimtaje.

Nyuma akae mfunga msafara, naye awe miongoni mwa wenye nguvu zaidi na wenye subira zaidi. Sifa hizo mbili hazikai kwa mtu mmoja mara nyingi, hivyo ukimpata mtunze. Ndiye mwenye pampu nzuri, simu iliyojaa chaji, na mamlaka ya kusimamisha safari yote. Hakuna anayebaki nyuma yake, na akikaa na mwenye tatizo, kiongozi anapigiwa simu mara moja, si baada ya dakika 20 za kujaribu kwanza.

Mlimani kila mtu apande kwa pumzi zake, kwa sababu kupanda kwa mwendo usio wako huchosha wenye kasi na wanyonge pia. Kusubiriana kufanyike mbele kidogo ya kilele, nje ya barabara, mahali panapoonwa na magari kutoka mbali. Na hapa kuna dhuluma ndogo ambayo karibu kila msafara huifanya: waliotangulia wamepumzika dakika sita, wamekunywa maji, wamepoa, wa mwisho anatokeza, mmoja anasema "haya, tumetimia", na wote wanapanda baiskeli. Aliyehitaji mapumziko kuliko wote ndiye pekee aliyeyakosa. Saa ya kuondoka ianze kuhesabiwa pale wa mwisho anapokanyaga chini. Kisha hesabu vichwa, kwa sauti, kama ulivyovihesabu mwanzoni.

Pancha ikitokea, wote watoke barabarani, hata kama anayeziba ni mmoja. Kabla ya kutoa tyubu, kumbuka ilivyokaa kwa kuitazama valvu dhidi ya maandishi ya tairi. Ukishaijaza hewa na kupata tundu, utajua papo hapo ni sehemu gani ya tairi ya kutafuta mwiba. Pitisha vidole ndani ya tairi polepole, mzunguko mzima, maana mwiba uliobaki utaitoboa tyubu mpya ndani ya kilomita moja. Ukikuta matundu mawili madogo yaliyo sambamba, usihangaike na mwiba: rimu imeibana tyubu kwenye shimo la barabarani kwa sababu hewa ilikuwa kidogo. Tyubu mpya itiwe hewa kiasi cha kupata umbo lake kabla ya kuingizwa, na tairi lirudishwe kwa mikono, bila chuma, ili kisiing'ate tyubu.

Akianguka mtu, kwanza zuia magari, ndipo umwendee. Aliyegonga kichwa haendelei na safari hata akisema yu mzima, na kofia yake iliyopata pigo haivaliwi tena.

Habari za safari ziandikwe jioni ileile, zikiwa bado na vumbi. Maneno 150 yanatosha: mlikwenda wapi, wangapi, kilichotokea, nani alisafiri nasi kwa mara ya kwanza ikiwa ameridhia kutajwa, na tarehe ya safari ijayo. Orodha ya nani alifika wa ngapi iache kwa siku za mashindano. Tarehe 3 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani, inafaa kwa safari fupi ya wageni. Na kwa wanaotaka lengo kubwa bila kukimbizana, zipo safari zinazofuata kanuni za Audax Club Parisien, klabu ya baiskeli ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1904: kilomita 200 humalizwa ndani ya saa 13 na nusu, mapumziko yakiwemo, yaani chini kidogo ya kilomita 15 kwa saa. Namba hiyo ukiiandika kwenye taarifa, utashangaa ni akina nani watakaokuja kuuliza.

Mwisho, fungua mfuko wa vifaa vya klabu kabla hujalala. Weka tyubu mpya badala ya iliyotumika, na kagua ile solusheni ya kuzibia pancha, kwa sababu ikishafunguliwa mara moja hukauka ndani ya kichupa chake, na anayeligundua hilo kwa kawaida ni mfunga msafara, akiwa amepiga magoti kando ya barabara, kilomita 25 kutoka nyumbani.