Kabla Hujabadilisha "run": Mambo ya Kuzingatia

Ukiona "run" limejirudia mara nne kwenye ukurasa mmoja wa Kiingereza, usikimbilie kamusi ya visawe na kuchukua neno linaloonekana la kisomi. Wahariri wa Oxford English Dictionary, walipokipitia upya kitenzi hiki, walikipa maana 645. Hakuna neno jingine linaloweza kuzibeba zote. Kisawe ni cha maana moja, hivyo kwanza ujue unashika maana ipi.

Umbo la kitenzi ni "run, ran, run". "Has ran" ni kosa, na "runned" haipo.

Angalia kama ni kitenzi au nomino. Mwaka 2007 wateja wa benki ya Northern Rock nchini Uingereza walipanga foleni kwa saa nyingi ili watoe akiba zao, na habari zikaita tukio hilo "a run on the bank". Hapo hakuna aliyepiga mbio: ni watu wengi kutoa fedha kwa pamoja kwa hofu, na "sprint" au "jog" havina nafasi. "A run of bad luck" ni mfululizo wa mikosi, basi tumia "series" au "string". "A good run" ni kipindi cha mafanikio, ila "the runs" ni lugha ya mtaani kwa kuharisha. Usiiandike kwenye barua ya mtu unayemheshimu ukidhani umetaja mafanikio yake.

Hata mbio zenyewe zina daraja. "Sprint" ni kukimbia kwa nguvu zote, "jog" ni mwendo wa pole wa mazoezi, "dash" ni mbio fupi za haraka. Aliyekimbia kilomita 42 hakufanya "dash".

Sasa uliza nani anatenda na nini kinatendwa, maana jibu ndilo linalochagua kisawe. Mto "runs", unaweza kusema "flows". Barabara nayo "runs along the river", lakini haitiririki. Sema "goes" au "extends". Mkataba "runs until June" maana yake bado una nguvu hadi Juni. Gazeti likifanya "run a story", limeichapisha. Anayefanya "run a company" unaweza kusema "manages", na kama ndiye wa juu kabisa, "heads". "Operate" inafaa kwa mashine na huduma za mabasi, ila ikifuatwa na "on" na mtu, ni upasuaji. "Execute" ni sahihi kwa programu ya kompyuta. Kwa binadamu ni kumnyonga au kumpiga risasi kwa amri ya dola, kwa hiyo "execute the team" isionekane popote kwenye wasifu wako wa kazi. Na "run a fever" iache ilivyo au andika "have a fever". Homa haisimamiwi.

Panapoumiza watu zaidi ni neno dogo linalofuata kitenzi. Wengi hubadilisha "run" peke yake na kuacha "over", "out" au "into" ikining'inia, kumbe maana imejengwa na maneno yote mawili. Chukua "run over". "The manager ran over the figures": meneja alizipitia hesabu harakaharaka. "The manager ran over the driver": meneja alimgonga dereva kwa gari. "The meeting ran over": kikao kilipitiliza muda. "The bath ran over": maji yalifurika. Visawe vyake, kwa mpangilio huohuo, ni "reviewed", "knocked down", "overran" na "overflowed", na katika kila kimoja usemi mzima umebadilishwa, si "run" peke yake. Anayeandika "raced over the figures" amebakisha nusu ya usemi wa zamani, na msomaji anabaki kujiuliza nani alikuwa anakimbia. Mpangilio pia una kazi: "ran him over" ni kugonga tu. Tazama na "run out of money", kuishiwa, dhidi ya "run out on his family", kuitelekeza familia. Kihusishi kimoja kimegeuza ukata kuwa usaliti. "Run into a friend" ni kukutana naye bila kutarajia, "run into a wall" ni kuugonga. Kwa hiyo ng'oa usemi mzima na weka mwingine mzima, halafu soma sentensi upya kwa sauti.

Nchi nayo ina neno lake. Mmarekani anayegombea "runs for Congress". Mwingereza "stands for Parliament". Uzi ukiachia kwenye soksi ndefu ya kike, Marekani ni "run", Uingereza ni "ladder". Chagua upande mmoja na ubaki nao hadi mwisho wa andiko.

Orodha ya visawe itumie kwa tahadhari. Tangu ile ya Peter Mark Roget ya mwaka 1852, orodha za namna hii hukusanya maneno kwa ukaribu wa wazo, bila kuahidi kwamba yanabadilishana. Ukipata neno hapo, lifungulie kamusi ya kawaida inayotoa sentensi za mfano, uone linaambatana na maneno gani. Usipokuta mfano unaofanana na sentensi yako, acha "run" lijirudie. Na kwenye mkataba, maelekezo ya dawa au maelekezo ya mashine usitafute kisawe kabisa. Neno lililotumika kwenye kifungu cha kwanza litumike hadi cha mwisho, maana msomaji akikuta neno jipya ataamini linataja jambo jingine.