Kura ya mnada kwa simu bila mtu kujua nani kapiga: nilivyofunga Semaphore kwa chama cha korosho

Nilikuwa Newala namsaidia binamu yangu. Chama chao cha korosho kinataka wanachama wakubali au wakatae bei ya mnada kwa simu, ila watu wanaogopa, ukikataa bei jina lako linafika kijijini kabla yako. Kwa hiyo mfumo unatakiwa ujue kitu kimoja tu, kwamba huyu ni mwanachama kweli. Kwa kazi hii natumia Semaphore, programu huria inayomwezesha mtu kuthibitisha kwamba yumo kwenye kundi bila kusema ni nani. Inakaa juu ya Ethereum, ambayo ni blokcheni, yaani daftari la pamoja linalosomwa na yeyote. Sioni cha kuizidi.

1. Weka Node.js (ya kuendeshea JavaScript) na pakeji za Semaphore, kisha fanyia majaribio Sepolia, mtandao wa Ethereum wa kujaribia.

2. Siri, yaani ufunguo wa kila mtu, izaliwe kwenye simu ya mwanachama na isitoke humo. Seva ipokee komitimenti tu, yaani namba inayotokana na siri ila huwezi kuirudisha iwe siri. Tafadhali usitengeneze siri kwa kuhashi (kusaga kwa hesabu iwe namba nyingine) namba ya simu, hizo ni tarakimu 10 na za mwanzo zinajulikana, kompyuta ya kawaida inazijaribu zote chap. Ya NIDA (kitambulisho cha taifa) nayo hapana, ina tarakimu 20 lakini 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa.

3. Mti wa Merkle. Huu unaunganisha komitimenti zote mbilimbili mpaka ibaki namba moja juu, ndiyo mzizi. Hapa nimekesha usiku mbili. Mama mmoja kakaa juu ya gunia pale ghalani, kioo cha simu kimepasuka, anabonyeza, mfumo unamkatalia kuwa mzizi haupo, na komitimenti yake naiona kabisa kwenye orodha! Kumbe database yangu ilikuwa inapanga wanachama kwa kijiji, wakati mkataba janja (programu ya Semaphore inayokaa kwenye Ethereum) unawapanga kwa zamu ya kuingia, na ukibadilisha mpangilio hata wa watu wawili mzizi unakuwa mwingine kabisa. Nikarekebisha, bado. Sasa tatizo likawa mwanachama aliyeondolewa, mimi nilimfuta kwenye orodha, mkataba haufuti, unaweka 0 kwenye nafasi yake, na wewe weka 0 hapohapo. Siku hizi sijengi mti kutoka database, nasoma matukio ya mkataba yenyewe (kumbukumbu ya kila aliyeingizwa au kuondolewa) toka mwanzo, halafu nalinganisha mizizi kabla simu haijaanza kutengeneza uthibitisho wa uanachama. Na ukisajili mtu mpya mzizi wa zamani unakubalika kwa muda wa saa 1 tu usipobadilisha muda huo, kwa hiyo mtandao ukisumbua mtu anachelewa. Mimi nafunga usajili siku moja kabla ya mnada.

4. Kila mnada upe skopu yake, yaani alama ya pekee ya mnada huo. Nalifaya, namba inayoambatana na kila kura, inatokana na skopu pamoja na siri, ndiyo inazuia mtu kupiga mara mbili. Ukirudia skopu, mnada wa pili watakataliwa wote waliopiga wa kwanza.

5. Muamala wa kupeleka kura kwenye blokcheni utumwe na seva ya chama. Mwanachama akituma kwa pochi yake ya Ethereum, anwani yake inabaki kwenye blokcheni pembeni ya kura, na kazi yote ya hapo juu imepotea.