Kuusoma Mwelekeo wa Kipupwe Nyanda za Juu Kusini Kabla Sakitu Haijaingia Shambani

Mwelekeo wa Kipupwe, yaani msimu wa Juni hadi Agosti, unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, huwafikia wakulima wa Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya kwa lugha ya wastani: baridi itakuwa ya wastani, au kali zaidi, na upepo wa kusi utakuwa wa kawaida au wa nguvu. Taarifa hiyo ina kazi yake, lakini haikuambii ni usiku gani viazi vyako vitaungua. Sakitu, ambayo wengi wetu tunaiita barafu tu, ni jambo la usiku mmoja na bonde moja, kwa hiyo mkulima hana budi kuuteremsha mwelekeo huo mwenyewe kutoka ngazi ya mkoa hadi kwenye matuta yake.

Mwelekeo wa msimu utumie kwa maamuzi ya msimu pekee, hasa ya kupanda nini wapi. Ukitaja baridi kali kuliko wastani, usiweke nyanya, maboga wala maharage kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni. Peleka huko kabichi na njegere, ambazo huvumilia sakitu nyepesi, na viazi uvipandishe mteremkoni kama una maji ya kuvifikia. Unyevu unaobaki bondeni baada ya mvua kuisha ndio unaotuwezesha kulima kiangazi, lakini bonde hilohilo ndilo linalokusanya baridi, kwa kuwa hewa iliyopoa ni nzito na hutiririka kufuata mteremko mpaka ikwame chini. Asiyeamini ashuke kinyunguni alfajiri ya Julai akitokea barabarani; atahisi baridi ikimpanda kuanzia vifundoni, hatua kwa hatua, kana kwamba anaingia mtoni.

Baada ya hapo, shika utabiri wa kila siku, na ujifunze kuzisahihisha namba zake. Kwa kawaida joto hupungua kiasi cha nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unazidi mita 2,600, hivyo mji ukitabiriwa nyuzi 7, mtu wa Kitulo ajihesabie 3. Kuna sahihisho la pili ambalo wengi hawalijui: kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, ilhali jani la kiazi liko chini zaidi na limeachwa wazi kuelekea mbinguni. Usiku uliotulia, hewa iliyo karibu na ardhi inaweza kuwa baridi kuliko ile ya kisandukuni kwa nyuzi 3, 4 au hata zaidi. Ndiyo maana mimi nikisikia nyuzi 4, huwa natayarisha vifuniko.

Kuhusu upepo, hapa ndipo wengi hupotea, nami nilipotea. Baridi yetu ya Kipupwe hutoka kusini. Mikanda ya hewa baridi ikishapita Afrika Kusini, mgandamizo mkubwa wa hewa huifuata kwa nyuma na kusukuma hewa hiyo kaskazini kupitia Mlango wa Msumbiji. Mgandamizo wa Mascarene, mashariki ya Madagaska, nao ukiimarika, kusi huvuma kwa nguvu. Kwa mazoea yangu, tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa ikitolewa kwa ukanda wa pwani, mkulima wa milimani naye aisikilize, ingawa hakuandikiwa yeye. Siku za mwanzo huja mawingu, manyunyu na upepo unaopenya hadi mifupani, na watu hujifungia ndani wakisema baridi imefika. Kumbe siku hizo mimea iko salama kwa kiasi, kwa sababu mawingu hurudisha sehemu ya joto linalotoka ardhini, na upepo huichanganya hewa ya chini na ile ya juu yenye joto zaidi. Hatari huja kusi inapokatika na mbingu kutakata huku hewa baridi na kavu ikiwa bado imetanda. Mwaka mmoja nilikesha usiku wa upepo, kisha nikalala fofofo usiku uliofuata kwa kuwa palikuwa shwari. Asubuhi robo eka ya viazi ilikuwa na majani yaliyolowa kijani cheusi, na ilipofika saa nne yalikuwa meusi kabisa kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Kwa hiyo saa 1 jioni toka nje uangalie mambo matatu: kama nyota za kwanza zinaonekana bila wingu, kama moshi wa jikoni unapanda wima, na kama majani bado ni makavu ilhali baridi imekwisha kuingia. Umande unaoanza mapema hutoa joto kidogo, mvuke wa hewani unapogeuka kuwa maji. Hewa kavu haikupi nafuu hiyo. Mambo yote matatu yakikutana, chukua hatua jioni ileile. Funga pia kipimajoto kwenye kijiti, kwa kimo cha jani, ukisome saa 11 alfajiri na kuandika tofauti yake na utabiri. Baada ya Kipupwe kimoja utakuwa na sahihisho la shamba lako mwenyewe.

Maandalizi huanza mchana. Mwagilia kabla ya saa nane ili udongo uliolowa uhifadhi joto la jua na kulitoa usiku. Usipalilie wala kuinulia matuta siku hizo, maana udongo uliolegea haushiki joto, na matandazo ya nyasi kavu, ambayo husifiwa kila mahali, yasogeze pembeni kwa muda, kwa kuwa hulizuia joto la ardhi lisiyafikie majani. Miche ya parachichi na vitalu vifunike kwa shuka au viroba vilivyofumuliwa, kitambaa kifike hadi chini, na kukipambazuka ukiondoe. Nailoni ikigusa jani, jani hilo huungua. Moto mmoja mkubwa haufai, kwani hewa yake hupanda moja kwa moja. Mioto midogo mingi ni afadhali, ingawa kuni zake ni gharama na moshi wenyewe hausaidii kitu.

Sakitu ikikuwahi, zuia mkono wako. Usikate matawi ya parachichi yaliyokauka mpaka machipukizi mapya yaonyeshe uhai unaishia wapi. Viazi vichanga vipe wiki moja au mbili, kwa sababu mara nyingi huchipua tena kutoka chini. Vilivyokaribia kukomaa viache ardhini kama wiki mbili, ngozi ikaze, ndipo uvichimbe.