Jinsi ya kuyeyusha pua kwenye chungu, kama wahunzi wa zamani wa India na Merv

Kwanza tutoe hili njiani. Watu wakisikia upanga wa Damasko wanadhani siri yote ilikuwa Damasko. Hapana. Damasko palikuwa na mafundi hodari wa panga ndio, lakini pua nyingi (pua ya chuma, yaani chuma kigumu kilichochanganyika na kaboni, sio ya usoni) ilikuwa inatoka mbali, India Kusini, Sri Lanka, Uajemi na Asia ya Kati, na ilikuwa inasafiri ikiwa vibonge vidogo kama nusu chungwa, ukikishika kimoja hudhani kama kuna upanga humo ndani. Wazungu baadae wakaiita wutsi, jina linalosemekana limetokana na neno ukku la Kikannada. Kwetu pwani wazee walikuwa wanasema upanga wa feleji, wakimaanisha chuma cha panga kilicho bora.

Sasa kwanini chungu? Chuma kitupu kinayeyuka kwa digrii 1538, na tanuru la mkaa na viriba vya ngozi halikuwa linafika huko kirahisi, kwaiyo mhunzi wa zamani alikuwa anapata bonge lenye matundu kama sponji, limejaa mavi ya chuma, unaligonga wee mpaka yatoke na bado hayaishi. Lakini chuma kikila kaboni kinalainika mapema, ukifika asilimia moja na nusu hivi basi kwenye digrii 1450 au chini kidogo tayari ni maji. Sa ukikifungia kwenye chungu pamoja na vipande vya mti, mti unageuka mkaa, chuma kinakunywa ule mkaa taratibu, kinayeyuka, mavi yanaelea juu, chini unabaki na chuma safi kilicholingana mwanzo mwisho. Ndo hivo tu. (Wahaya wa Bukoba nao walipata pua zamani, ila wao kwa tanuru lenye mirija mirefu ya udongo, sio kwa chungu, usichanganye.)

Chungu ndo kazi yenyewe. Watu wanakimbilia moto na mivukuto wanasahau kwamba chungu kinatakiwa kisimame kwenye joto lile masaa na masaa bila kuyeyuka chenyewe wala kupasuka. India Kusini walikuwa wanachanganya udongo wa mfinyanzi na pumba za mpunga, nyingi kweli, sio kiganja kimoja. Zikiungua zinaacha mifupa ya silika (ile iliyomo kwenye mchanga) na kaboni ndani ya ukuta wa chungu, kinakuwa cheusi na kinavumilia. Merv, ambayo leo ni Turkmenistan, mafundi wa karne ya 9 na 10 walikuwa na njia nyingine, udongo mweupe unaohimili joto, chungu chembamba kirefu sentimita 20 hivi na upana kama 8, na tanuru lao lilikuwa linapulizwa kwa mrija unaotokea chini sakafuni katikati. Akhsiket, bonde la Fergana, hukohuko Asia ya Kati, vigae vya vyungu vya aina hiyo vimejaa ardhini mpaka leo.

Ukishafinyanga, kausha. Kausha tena. Kivulini, wiki mbili au zaidi, afu kichome kwa moto mdogo kabla hujaweka kitu. Mi cha kwanza nilikianika siku nne juani nikajiona mjanja, kilipiga ufa kabla hata moto haujashika vizuri, na mvuke ukibanwa ndani ya udongo unarusha vipande kama risasi kwaiyo sio mchezo, vaa miwani na simama mbali.

Kujaza chungu. Unataka chuma laini kisicho na kaboni nyingi, kimekatwa vipande vidogo. Wahunzi wa Tamil Nadu walikuwa wanatia mti mkavu wa Cassia auriculata, afu majani mabichi juu, wanaziba kwa udongo. Mti ulikuwa kama sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chuma, na ukipiga hesabu inakubali kabisa: kilo moja ya chuma inahitaji gramu 15 za kaboni, gramu 100 za mti mkavu zinakuachia mkaa kama gramu 20 mpaka 25, kiasi kinapotea, unabaki palepale. Hawakuwa na mizani ya kaboni ila walijua. Al-Biruni, yule msomi wa Khwarazm, Asia ya Kati, aliyefariki mwaka 1048 hivi, ameandika mapishi ya fundi mmoja wa Damasko: viatu vya farasi na misumari yake, madini kadhaa, na baadae maganda ya komamanga. Komamanga! Watu wanacheka ila ganda ni kaboni kama mti ulivyo kaboni.

Na chuma chenyewe kilikotoka kina maana. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, mwaka 1154 aliandika kwamba chuma cha Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, kilikuwa kinanunuliwa na kupelekwa India na kinasifiwa sana huko, kwaiyo hii habari sio ya mbali na sisi kama inavyoonekana. Kuna jambo lingine: yale maua, yaani michoro ya mistari inayoonekana kwenye bapa la upanga wa Damasko, hayatoki kwa kila chuma. John Verhoeven na mhunzi Alfred Pendray kule Marekani walihangaika miaka mingi wakaonyesha kwamba lazima kuwe na chembe za vanadiamu au madini ya jamii hiyo, kidogo mno, bila hizo unapata pua nzuri lakini haina maua.

Moto. Walikuwa wanapanga vyungu vingi pamoja, ishirini na kitu, wanafunika kwa mkaa na kupuliza kwa zamu. Sehemu nyingine masaa machache, Konasamudram huko Telangana, India, walikuwa wanakaa nao masaa 24, na wafanyabiashara kutoka Isfahan, Uajemi, walikuwa wanasafiri mpaka hapo wenyewe kufuata ile pua. Kujua kama tayari, unashika chungu kwa koleo unakitikisa kidogo, ukisikia kitu kinachezacheza ndani basi kimeyeyuka. Usifungue. Narudia usifungue.

Kupoa ndo watu wanaharibu. Kiache ndani ya tanuru kipoe chenyewe mpaka kesho, usikitoe kwa kiherehere. Ukipasua chungu angalia uso wa juu wa kibonge, ukiona mistari inatoka katikati kwenda pembeni kama miali ya jua, umeyeyusha vizuri. Ukiona matundumatundu, rudi mwanzo.

Kufua sasa. Hapa wataalamu wa Ulaya waliaibika. Vibonge vilifika London miaka ya 1790, daktari Mwingereza George Pearson akaandika kuvihusu 1795, hata mwanasayansi Michael Faraday akaja kuvichezea, lakini wahunzi wao walikuwa wanavipasha mpaka vinang'aa njano au nyeupe kama walivyozoea chuma chao, wakipiga nyundo vinapukutika kama biskuti. Pua yenye kaboni nyingi hivi inafuliwa ikiwa nyekundu tu, ikizidi hapo irudishe nje ipoe. Kwanza kabisa ipashe masaa kadhaa kwenye mkaa bila kuigonga, afu anza kwa vipigo vidogo vidogo, pasha, gonga, pasha, gonga, mara nyingi mno, mkono utauma. Hiyo kupasha na kupoa mara nyingi ndo inayopanga kaboni kwenye mistari, ukipitiliza moto mara moja mistari inafutika. Anosov, mhandisi wa madini kule Zlatoust Urusi, alikuja kuipatia kabisa, akachapisha kazi yake 1841, na wakati huo India kwenyewe ufundi ulikuwa unaanza kufa maana pua ya viwanda vya Uingereza ilikuwa inaingia kwa bei ya kutupa na mkaa wa misitu ukabanwa.

Mwisho sugua bapa kwa msasa mpaka liwe laini kama kioo, ondoa mafuta yote, afu paka asidi nyepesi. Waajemi walitumia madini ya salfati, wewe limau au siki inatosha ila itachukua muda, paka, subiri, futa, paka tena. Maua yatatoka kama maji yanayotiririka, meupe kwenye kijivu. Ukiona yamejipanga safi mno kama nguo ya kitenge, hicho ni chuma cha kukunja tabaka juu ya tabaka, kile wanachouza madukani kwa jina la Damasko, kizuri chake lakini sio hiki. Ukimaliza suuza kwa maji na magadi kuua asidi, kausha, paka mafuta hapohapo, maana kwa hewa ya chumvi ya pwani hakilali usiku mmoja bila kutu.