Mkifunga boti pamoja jioni, angalieni milingoti kwanza

Kwa wale wa boti za tanga kwenye maziwa ya jangwani kama Lake Pleasant kule Arizona, kiangazi joto linapita nyuzi 40 mchana kwa hiyo watu wanangoja jioni ndo waunganishe boti ubavu kwa ubavu, waogelee na kula pamoja. Sasa kabla hujafunga kamba angalia juu, sogeza boti yako mbele au nyuma kidogo mpaka mlingoti wako usilingane na wa jirani. Boti la injini likipita, mawimbi yake yanalaza kila boti kwa wakati wake, milingoti iliyolingana inagongana huko juu wakati huku chini dafrao (yale maputo ya kukinga ubavu wa boti) ziko sawa tu na nyie mnacheka (mi nilijua niliposikia mlio). Nanga ashushe mmoja, mwenye boti nzito, akae katikati. Ila upepo mkali ukija hii haisaidii kitu, na kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba dhoruba za huko huja ghafla, ukiona ukuta wa vumbi ng'ambo usibishane na mtu, fungueni kamba kila mtu ashike njia yake.